Daktari wa Ng'ombe Waliokula Muhogo Wetu

Baba yangu hakunikataza kwenda kusoma Uturuki. Alichokataa ni nikasome ng'ombe.

Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia kwamba binti wa Kizaramo, mtoto wa mkulima wa nje kidogo ya Mlandizi, aligombana na baba yake juu ya masomo ya ughaibuni, mara moja wanamwona mzee wa kofia aliyeziba mlango ili mtoto wa kike asisome. Baba hakuwa mtu huyo. Ndiye aliyenipeleka shule ya bweni kwa baiskeli, sanduku langu la bati limefungwa nyuma kwa mpira, mimi nimekaa mbele kwenye bomba la fremu huku miguu ikinifa ganzi. Ndiye aliyesimama msikitini baada ya sala ya Ijumaa akawaambia wenzake kwamba bintiye amefaulu kidato cha sita kwa masomo ya sayansi. Alitaka niwe daktari, na alilitaka jambo hilo kuliko nilivyolitaka mimi. Ila alitaka daktari wa watu.

Shamba letu linashuka bondeni kuelekea mtoni. Kila kiangazi, majani yakikauka huko juu, ng'ombe walishuka kufuata maji, na kati yao na maji palikuwa na muhogo wetu. Wenye ng'ombe walikuwa watu waliohama kutoka kaskazini na mifugo yao, wakajenga maboma yao porini, upande wa kwenda Kisarawe. Baba alikwishakwenda ofisi ya kijiji, alikwishaita mgambo, alikwishapewa fidia ambayo haikufanana na jasho lake, na mwaka uliofuata ng'ombe walirudi palepale. Kwetu neno mfugaji lilitamkwa kama watu wengine wanavyotamka neno mwizi.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nimerudi likizo, siku nilipomwona ng'ombe mmoja akianguka shambani kwetu. Alikuwa ameingia kwenye kipande cha muhogo mchungu, ule tunaoupanda pembezoni kwa ajili ya unga na kwa kuwa nguruwe pori hawaupendi. Alitafuna majani, akainua kichwa, akaanza kuhema kama aliyekimbizwa. Miguu ikamtetemeka, kisha akalala ubavu, povu mdomoni. Mwenye ng'ombe, mwanamume wa makamo, alitupa fimbo yake chini, akapiga magoti, akawa anamsugua shingo na kumsemesha kwa lugha yake kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Baba alisimama pembeni na panga lake. Hakumgusa ng'ombe wala mtu.

"Muhogo wetu umejilipia," alisema.

Ng'ombe alikufa jua likiwa bado halijafika utosini. Mwenyewe alimchinja akiwa amekwishakata roho, bila shaka kwa kutojua afanye nini kingine, na damu iliyotoka ilikuwa nyekundu mno, nyekundu ya kung'aa, mpaka majirani waliokuja kutazama wakarudi nyuma. Hakuna aliyethubutu kula ile nyama. Jioni baba alisimulia habari hiyo kwa furaha, na mimi sikuweza kumaliza ugali wangu. Sikuwa nimewahurumia wafugaji, mtu asije akadhani hivyo. Muhogo ule ndio ulionilipia ada. Lakini nilikuwa nimewatazama watu wazima wawili wakiwa wamesimama juu ya mnyama anayekufa, mmoja anafurahi, mwingine analia, na hakuna hata mmoja kati yao aliyejua ni kitu gani kinatokea ndani ya tumbo lile. Nami sikujua. Kutojua kule kuliniudhi kuliko nilivyowahi kuudhiwa na kitu chochote.

Kwa hiyo ilipofika wakati wa kuomba ufadhili, na mwalimu wetu wa biolojia akatuambia kuna nafasi za kusoma Uturuki, sikuhitaji kufikiri sana. Niliketi kwenye duka la huduma za intaneti pale Maili Moja, Kibaha, nikajaza maombi, na kwenye sehemu ya kozi nikaandika udaktari wa mifugo. Chaguo la pili nikaandika hivyohivyo, kwenye chuo kingine. La tatu pia. Kijana mwenye duka aliniuliza kama nimekosea. Nikamwambia sijakosea.

Kwenye usaili, Dar es Salaam, waliniuliza kwa nini binti anataka kazi ya kuingiza mkono ndani ya ng'ombe. Niliwasimulia ile habari ya muhogo mchungu tangu mwanzo hadi ile damu. Mmoja wao aliacha kuandika akabaki ananitazama. Baada ya wiki kadhaa jibu likaja kwamba nimechaguliwa.

Nilimwambia baba akiwa anapiga jembe. Alifurahi, akanishika mkono, kisha akauliza nakwenda kusomea nini. Nikamwambia. Aliachia mkono wangu taratibu, akarudi kwenye tuta lake, akapiga majembe matatu au manne kabla ya kusema kwamba hakulea mtoto ili akawatibu ng'ombe waliokula muhogo wake. Nikabadilishe. Nikamwambia haibadilishwi. Hilo halikuwa kweli kabisa, ingeweza kubadilishwa. Lakini mimi sikuwa tayari kubadilika, na kwangu hilo lilikuwa lilelile.

Kikao cha ukoo kikaitwa Mzenga, wilaya ya Kisarawe, nyumbani kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Walikuja baba wadogo, wakaja na wazee wengine ambao nilikuwa nawaona misibani tu. Mama alikuja lakini hakuketi barazani, alikuwa jikoni na wenzake. Nilikalishwa kwenye mkeka katikati, nikawaamkia wote kwa zamu. Shikamoo zikaitikiwa vizuri. Kisha wakaanza.

Mmoja alisema Uturuki ni nchi ya Kiislamu, kwa hiyo hana neno. Mwingine akasema ukunga ni kazi nzuri kwa mwanamke, na huko lazima kuna ukunga. Mwingine akataka kujua kama huko nitagusa nguruwe. Kila mmoja alikuwa na kozi yake mkononi ya kunipa. Baba alisema maneno yake mwishoni, kwa sauti ya chini: aende, lakini akasome udaktari wa watu, akisoma wa ng'ombe, asihesabu kwamba ametoka kwangu.

Wakaniuliza nasemaje. 

"Baba, nakuheshimu, na nitaendelea kukuheshimu," nilisema. "Lakini mimi nitasoma ng'ombe."

Hakuna aliyenifokea. Ingekuwa afadhali. Baba aliinuka, akavaa viatu, akaaga kila mtu isipokuwa mimi.

Nilipomfuata mama jikoni aliendelea kupepeta mchele. Aliniambia, bila kuinua uso, kwamba yeye hanikatazi wala haniruhusu. Nimekaa na maneno hayo miaka mingi. Zamani niliyaona ya woga. Siku hizi naona kwamba katika nyumba ile, kutonikataza ndiko kulikokuwa sehemu yake ya ugomvi, na aliifanya.

Shangazi ndiye aliyebaki nami. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, mjane anayelima mananasi na kugombana na madalali wake mwenyewe. Hakuniambia nina haki wala sina. Aliuliza tu kama nikishindwa huko nitarudi au nitaona aibu nikapotelea mitaani kwa watu. Nikamwambia nitarudi. Akasema basi. Cheti changu cha kuzaliwa hakikuwepo, nilizaliwa nyumbani, na baba asingenisaidia kukitafuta. Shangazi akapanda nami gari hadi Kisarawe mjini, akaapa mbele ya wakili kwamba yeye ndiye aliyenipokea nilipotoka tumboni kwa mama yangu. Karatasi moja ikafungua nyingine, na mwisho nikapata pasipoti. Siku ya kuondoka ni yeye aliyekuja uwanja wa ndege. Alisimama kwenye vioo na khanga yake kichwani hadi nikapotea machoni pake. Baba alikuwa shamba.

Mji niliopelekwa uko mashariki mwa nchi ile, juu milimani, mahali ambapo theluji hukaa miezi hadi watu wanaacha kuizungumzia. Sitasimulia baridi. Kila aliyesoma nje anasimulia baridi kana kwamba ndiyo iliyomfundisha. Baridi unanunua koti. Lililonitesa ni lugha, kwa sababu masomo yote yalikuwa kwa Kituruki, na mwaka mzima wa kwanza tulijifunza lugha tu, darasa moja na Wasudani, Waafghani na Wakirigizi, wote tunakosea pamoja.

Kuna maneno yaliyonipokea kama ndugu. Kitabu kwao ni kitap, saa ni saat, habari ni haber, dunia ni dünya. Nilikuwa nikiyasikia barabarani, nageuka kama niliyeitwa jina. Na mnyama kwao ni hayvan. Siku nilipolisikia nilicheka peke yangu darasani, kwa sababu kwetu hayawani ni tusi. Ni neno la mtu asiye na utu. Nilipopiga simu nyumbani nikamwambia mama kwamba nasomea uhayawani, alicheka hadi akakohoa, kisha akanyamaza ghafla. Nikajua baba ameingia.

Baba hakuwahi kupokea simu yangu miaka yote ile. Mama akiniambia baba hajambo, nilijua yupo hapohapo anasikiliza, kwa sababu mama alikuwa anaongea kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Nikaanza nami kuongea kwa sauti kubwa. Nilisimulia maabara, matumbo manne ya ng'ombe, kwato, kupe. Sikupunguza neno. Kama alikuwa anasikia, basi asikie hasa.

Mwaka wa kwanza wa masomo yenyewe nilifeli anatomia. Mifupa ina majina ya Kilatini, yanaelezwa kwa Kituruki, na mimi nilikuwa nayafasiri kichwani hadi Kiswahili kabla sijayaelewa. Muda wa mtihani ukawa unaniishia katikati ya safari. Bibi mmoja wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni, mpole sana, aliniita akanipa chai, akanishauri nihamie kozi fupi ya kazi za maabara. Alisema wengi kutoka kwetu wamefanya hivyo na wamemaliza vizuri. Alisema udaktari wa wanyama wakubwa ni mgumu hata kwa wavulana wao. Nilimshukuru kwa chai. Nikamwambia, kwa Kituruki changu kilichovunjika, kwamba nitarudia.

Nilirudia. Nikaacha kufasiri. Nilinunua kwa mchinjaji miguu ya ng'ombe, nikaichemsha katika jiko la bweni hadi wenzangu wakanishtaki kwa harufu, nikaisafisha mifupa nikaipanga chini ya kitanda, nikawa naitaja kwa mikono kabla ya kuitaja kwa mdomo. Mwaka ule nilipita. Sikupata alama za kusifiwa. Nilipita.

Mwaka wa tatu ikaja posa. Mwanamume alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi pale Picha ya Ndege, Kibaha, mtu mzima, mwenye adabu kwa maelezo ya kila mtu. Baba alikuwa amekwishamkaribisha mshenga na kula naye. Ujumbe nilioletewa na mama ni kwamba mchumba hana neno na shule, nimalize, ila nikirudi nitakaa dukani, habari ya kushika mavi ya ng'ombe iishie hukohuko. Nikaomba namba ya mshenga. Mama alisita, haijawahi kutokea mwali akampigia mshenga mwenyewe, lakini alinipa. Nilimwamkia yule mzee kwa heshima zote, nikamuuliza hali ya nyumbani kwake, kisha nikamwambia amfikishie muungwana salamu zangu na amwambie asinisubiri. Mzee akasema, "Mwanangu, wewe una moyo." Sijui kama alinisifu. Niliamua kwamba alinisifu.

Kuna siku moja ya huko nataka kuisimulia, maana ndiyo iliyonikomaza. Tulikuwa tunatoka na profesa kwenda vijijini kutibu. Tulifika kwa mfugaji mmoja, banda lake la mawe, ng'ombe ana homa ya kiwele. Mwenye banda alinitazama, akamwambia profesa, mbele yangu, kana kwamba sijui lugha, kwamba yule mweusi asimguse ng'ombe wake. Wenzangu wakatazama chini. Profesa alikuwa mtu mwema, sikuwahi kumsikia akimtukana mtu. Akanigeukia akaniomba kwa upole nikasubiri ndani ya gari.

"Mwalimu," nilimwambia, "ndani ya gari hakuna ng'ombe."

Sikutoka. Nilisimama kwenye mlango wa banda, mikono mfukoni, nikaangalia kila kilichofanyika tangu mwanzo hadi mwisho. Profesa hakunipa sindano siku ile wala hakunitetea, na mwenye banda hakubadilika moyo kama wanavyobadilika watu wa hadithi.  Lakini kuanzia hapo, tukifika kwenye banda jipya, profesa alikuwa akinitaja mimi kwanza, kabla mwenye nyumba hajapata nafasi ya kusema lolote. Na siku alipofundisha sumu zitokanazo na mimea, akaandika ubaoni jina la sumu iliyo katika majani ya muhogo mchungu na kusema kwamba damu ya mnyama huyo huwa nyekundu isiyo ya kawaida, niliinua mkono nikawaambia wenzangu kwamba mimi nimeiona. Akaniuliza ng'ombe yule alikufa baada ya muda gani. Nikamjibu. Akatuonyesha dawa ambayo ingemwokoa. Nikaiandika, nikakaa nikiitazama, nikahisi hasira ile ya utotoni ikipata mahali pa kukaa.

Mwaka wa nne tulitakiwa kufanya mafunzo kwa vitendo wakati wa likizo. Ningeweza kubaki hukohuko kwenye mashamba makubwa ya maziwa. Nilichagua kurudi Pwani. Afisa mifugo mmoja alikubali kunisimamia, na maboma aliyonipa yalikuwa ya watu walewale wa porini. Nilimwambia baba mwenyewe, jioni ile niliyofika, baada ya kumwamkia na yeye kuitikia marahaba bila kunitazama.

"Ukikanyaga zizi la watu wale," alisema, "usikanyage mlango huu."

Asubuhi nilibeba begi langu nikaenda Mzenga kwa shangazi. Sikulia hadi nilipofika, na nilipolia shangazi aliniambia ninawe niende shambani, mananasi hayana habari na machozi.

Wafugaji nao hawakunipokea kwa ngoma. Kwao mimi nilikuwa Mswahili, mtoto wa wale wanaoita mgambo. Wanaume walijibu maswali yangu kwa kumwambia afisa, na afisa alikuwa ananigeuzia mimi majibu, tukawa kama watu tunaoongea kupitia ukuta. Ikapita hivyo, wiki baada ya wiki, hadi asubuhi moja mjane mmoja mwenye ng'ombe zake mwenyewe alipotuma bodaboda kwa afisa kwamba mtamba wake, ng'ombe wa uzao wa kwanza, ameshindwa kuzaa. Afisa alikuwa amekwenda Kibaha kikaoni. Nilikuwepo mimi.

Nilipofika, mtamba amelala chini, macho yamemtoka, mguu mmoja wa ndama unaonekana nje. Mashemeji wa yule mjane walikuwa wamesimama na kamba, wako tayari kuuvuta mguu ule kwa nguvu. Nikawaambia wasivute, kichwa kimegeukia nyuma, wakivuta watamuua mama. Mmoja akasema hawawezi kumwachia mwanamke wa Kiswahili. Yule mjane hakuinua sauti. Alisema kwa Kiswahili, ili nami nielewe:

"Ng'ombe ni wangu. Mwacheni."

Niliomba maji, sabuni na mafuta ya kupikia. Nilijipaka hadi begani, nikalala kifudifudi kwenye vumbi, nikaingiza mkono. Sijui ilichukua muda gani. Kila mtamba alipokaza, mfupa wangu wa mkono ulibanwa hadi vidole vikafa ganzi, nikawa nangoja alegee ndipo nisogee tena. Nilikuta shingo, nikafuata taya, nikaingiza vidole pembeni mwa mdomo wa ndama, nikageuza kichwa kidogo kidogo hadi kikaja njiani. Hapo ndipo nikawaambia washike kamba, wavute pamoja na uchungu wake, waache akiacha. Walivuta kama nilivyosema. Ndama akatoka.

Alikuwa amekufa. Nilimsafisha pua, nikamsugua, nikambonyeza kifua, lakini alikuwa amekufa kabla sijafika. Nilibaki nimekaa chini, kamasi na damu hadi shingoni, nikisubiri watu wale waniambie walichokuwa wanataka kuniambia tangu mwanzo. Mtamba akainua kichwa. Baadaye kidogo akainuka, akayumba, akasimama, akaenda kumnusa mwanawe.

Yule mjane aliniletea maji ya kunawa. Alisema, "Kesho uje umtazame tena."

Nilikwenda kesho yake, na keshokutwa. Kabla likizo haijaisha nilikuwa naitwa kwenye maboma ambayo afisa mwenyewe hakuwahi kuyafikia, na watoto wa huko walikuwa wamenibandika jina ambalo kwa lugha yao, nilivyoelezwa, lina maana ya mkono mwembamba.

Nilirudi Uturuki nikamaliza. Kwenye mahafali wenzangu walipiga picha na wazazi wao. Mimi nilipiga na profesa na yule bibi wa ofisi aliyetaka nihame kozi, aliyelia kuliko mtu yeyote pale. Nilipewa nafasi ya kubaki, kazi nzuri, kliniki ya mbwa na paka kwenye mji mkubwa. Nilikataa. Watu wamenieleza mara nyingi kwamba ule ulikuwa ujinga, na wengine ni ndugu zangu walewale waliotaka nibadilishe kozi. Walitaka nisiwaguse wanyama, halafu wakataka nibaki ughaibuni kutibu mbwa. Nimeacha kuwafuatisha.

Sasa nina duka la dawa za mifugo na chumba cha kutibia Visiga, kando ya Barabara ya Morogoro. Bango nimeliandika kwa herufi kubwa kuliko za duka lolote jirani: DAKTARI WA MIFUGO. Wanakuja wenye kuku, wenye mbuzi wa kufungia nyuma ya nyumba, wenye nguruwe, na wafugaji wa porini wanakuja na pikipiki. Mlango wa nyumbani ulifunguliwa siku niliyorudi, mama aliufungua, na baba hakuufunga. Tunakula pamoja. Hatuzungumzii kazi.

Ila nilikuja kugundua kwamba anawaambia watu nje kwamba bintiye ni daktari, basi, anaishia hapo. Wazee wakaanza kunifuata na magoti yao na vikohozi vyao. Mmoja alinivulia shati sebuleni kwetu, baba amekaa pembeni anatazama ukuta. Nikamwambia yule mzee, kwa sauti ya kusikika hadi uani, kwamba umri wake nauheshimu, lakini mimi ni daktari wa ng'ombe, aende zahanati. Baba aliinuka akatoka. Tangu hapo, kila aliponiita daktari mbele za watu, niliongezea, wa ng'ombe. Sitaki kufichwa ndani ya neno langu mwenyewe.

Kiangazi kilichopita ng'ombe walishuka tena. Walimaliza shamba la jirani yetu. Ukaitwa mkutano wa kijiji, wakulima upande mmoja, wafugaji upande mwingine, mwenyekiti katikati na meza yake. Mambo yalipopamba moto, mkulima mmoja alisimama akanielekezea kidole. Alisema mimi ndiye ninayewanenepesha ng'ombe wanaowamaliza. Mtoto wa kijiji hiki, aliyesomeshwa kwa muhogo wa kijiji hiki. Alitaka duka langu lifungwe au niape kutowauzia tena dawa. Watu wengi wakapiga makofi. Baadhi yao walinibeba mgongoni nilipokuwa mdogo.

Nilisimama. Nilisema jirani yetu alipwe, na alipwe haki yake, na kama itahitajika mtu wa kuthibitisha kwamba zile ni nyayo za ng'ombe, nitakuja mimi kusema. Nilisema ng'ombe wanashuka kwa sababu huko juu hakuna maji, na kwamba nimekwishaandika mara mbili kuomba lambo la kunyweshea mifugo, na nitaandika ya tatu. Kisha nikasema duka sifungi, siapi, na mnyama mgonjwa akiletwa nitamtibu bila kumuuliza jana alikula shamba la nani.

Kelele zilipanda. Mwenyekiti aligonga meza, akamgeukia baba yangu, aliyekuwa amekaa benchi la mbele na wakulima wenzake. Akamwambia kwa heshima, mzee, huyu ni wako, tusaidie, mkanye mwanao.

 Baba akasimama, akatengeneza kofia yake.

"Nilimkanya alipokuwa binti mdogo, chini ya mkono wangu, ukoo mzima umekaa, akanishinda," alisema. "Leo ni mtu mzima na ana bango barabarani. Mnataka mimi nifanyeje?"

Watu walicheka, hata upande wa wafugaji. Yeye hakucheka. Akaketi, akaendelea kutazama mbele. Mkutano ulirudi kwenye mambo ya fidia, na suala la duka langu halikutajwa tena.

Tulipotawanyika sikumfuata, naye hakuningoja. Alishika njia ya bondeni na wenzake, wakibishana juu ya bei ya mbegu. Mimi nikapanda bodaboda kurudi Visiga, maana kulikuwa na mbuzi aliyevunjika mguu ananisubiri mlangoni.